Hodi Kutoka Nakuru

Saa saba usiku, zamu ya unga,
mashine ya tatu imekata mkanda,
fundi yuko njiani kutoka Lanet.
Nikatoa simu, nikaandika anwani ya nyumbani,
mafungu manne ya nambari, nukta katikati,
na mwishoni mlango: elfu nane na themanini.

Hodi.

Kiduara kikazunguka.

Nyumbani ni Chavakali. Seva ni laptopu ya kioo kilichopasuka,
inalala juu ya kabati la vitambaa, feni yake inakoroma.
Ndani yake nimenakili madaftari kumi na moja ya mama,
vipimo vya kila mtoto aliyemshonea sare
tangu mwaka wa themanini na nne:
bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono.
Wengi sasa ni wazazi.
Wachache wamebaki kifua ishirini na sita.

Ruta nilikuwa nimeiagiza: akija mtu kwa mlango huu
mpeleke kabatini, akaulizwe neno la siri.
Mwezi mzima ilitii.
Hata umeme ulipopotea ukarudi, nayo ikaamka na anwani nyingine,
nilipiga simu, nikatajiwa, nikaingia.

Hodi.
Hodi.

Tulifunzwa: ya tatu bila jibu, geuka uende zako.
Simu nayo ina adabu hiyo. Ikaandika: muda umekwisha.

Asubuhi nikampigia. Mama, nisomee taa za ruta.
"Kijani. Kijani. Hii ya tatu inanikonyeza."
Egesa, mjukuu wake, akamtafutia anwani,
naye akanitajia kwa sauti ya utepe shingoni,
kama anayempimia mtu suruali:
"Mia moja. Sitini na nne. Kumi na..."

Sikungoja zilizobaki.
Mia moja na sitini na nne si anwani ya barabarani,
ni ya uani. Kampuni imetupanga, nyumba mia kadhaa,
nyuma ya lango moja lisilo na kengele.
Kutoka, ruhusa. Kuingia, hapana.
Hata ningeng'oa milango yote ya ruta yangu
mgeni asingefika kizingitini.

Nilimweleza hivyo hivyo, nikitafuta namna ya kuaga.
Akakata uzi kwa meno, nilisikia, akasema:
"Kama wewe huwezi kuingia na sisi twaweza kutoka,
si nyumba ikupigie wewe?
Ulipokuwa chuoni huna salio
ulikuwa unaacha ilie mara moja, unakata,
nani alikuwa anapiga?"

Nina cheti cha mitandao, nimekitia fremu.
Nikabaki pale uwanjani, simu sikioni,
lori la mahindi likinipigia honi nisogee.

Jioni mbili nilimtajia Egesa herufi moja moja.
Kistari. R kubwa.
"R ya nini?"
Ya Rosterman. Nafasi. Sasa nambari.
Akakosea, tukafuta, mvua ikaingilia, tukaanza tena,
mpaka seva ikatoka yenyewe,
ikanishikia mlango kwa nje, njia panda niliyokodi
kwa shilingi mia nne kwa mwezi.

Ijumaa usiku, mashine zote zikiunguruma, nikabisha.
Sikumaliza hata ya kwanza.

Daftari la nne.
*Mudaki, darasa la tatu. Bega kumi na moja.
Kiuno ishirini na mbili. Kaptura: acha upindo, anarefuka.*

Chini yake mstari ambao sikuuandika mimi,
bila herufi kubwa hata moja:
*mudaki wa sasa hatuna. nyanya anauliza kiuno.*

Nikatazama huku na huku kutafuta cha kujipimia.
Ghalani palikuwa na uzi wa kushonea magunia.